Gereza letu lilikuwa sokoni

Jumanne wiki iliyopita tuliitwa mitingi huko Lamu bara, upande wa Hindi, tuongee kuhusu pahali pa kujenga tanuri la kuchomea taka za hospitali, yaani zile sindano, bandeji, chupa za damu, dawa zilizopitwa na wakati, vitu ambavyo huwezi kuvitupa jaani hivi hivi watoto wakavichezea. Mi naishi Amu mjini, ndio Lamu ya kisiwani, lakini ami yangu ana shamba huko, mikorosho na simsim na nyumba ya makuti, akanipigia simu usiku akaniambia mwanangu njoo, mimi maneno ya kwenye karatasi yanipita. Nikavuka na boti ya asubuhi mpaka Mokowe nikapanda boda.

Ofisi iliyotuita sitaitaja, sitaki mtu aseme namtafuta fulani. Walikuja na jenereta na projekta, wakatundika shuka jeupe ukutani darasani, ramani ikatokea. Pale walipopachagua pamepakwa rangi nyeupe tupu, hakuna nyumba hakuna njia, na kijana aliyekuwa akieleza, mwenye adabu zake kabisa, akasema hapa ni mbali na makazi, hakuna watu. Ami akainuka. Ana miaka sabini na kitu na goti lamsumbua kwa hivyo alichukua muda kufika mbele, na alipofika mwanga wa projekta ukampiga yeye, ramani yote ikamkaa kwenye kanzu, akanyoosha kidole mpaka pale peupe akasema, "Hapa ndipo nilipolala jana."

Watu kimya. Yule kijana akaandika kitu kwenye daftari lake kisha akaenda picha ya pili.

Mi tangu siku hiyo sijatulia, kwa sababu hilo neno "hakuna watu" si mara ya kwanza kulisikia huku kwetu, na nilivyorudi nyumbani nikaanza kufikiria, serikali ikiwa na kitu cha hatari, au mtu inayemuona ni wa hatari, yaamuaje kimweke wapi? Nani huamua? Naona kila mara jibu ni hilo hilo, mbali. Lakini mbali na nani? Hakuna pahali duniani palipo mbali na kila mtu, ukiona pameitwa mbali jua ni mbali na yule anayeita.

Chukueni Kwasasi. Mwaka 2016 mradi wa umeme wa makaa ya mawe ulipewa leseni, megawati 1,050, na pahali pake ni Kwasasi, hapo hapo Hindi, kama kilomita 20 hivi kutoka mji wa Amu, mji ambao UNESCO waliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Ukitazama ramani Kwasasi ni pahali pazuri kweli, bahari iko hapo ya kuletea makaa na kupozea mitambo, watu ni wachache. Ila ramani haina upepo. Kaskazi ikivuma upepo watoka upande huo waja kwetu, hilo hata mtoto anayerusha tiara alijua, na wavuvi walijua maji ya moto yakirudishwa baharini samaki wahama. Wazee wetu hawakusema hatutaki umeme, jamani, Amu umeme wakatika kila siku nani asiyeutaka, walisema umeme twautaka, moshi ndio hatuutaki.

Tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira likaifuta ile leseni, na moja ya sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, mikutano ilifanywa kabla ripoti ya athari haijamalizika, yaani watu waliombwa maoni juu ya kitu ambacho hakijaandikwa. Kampuni ikakata rufaa, na Oktoba 2025 mahakama ya mazingira na ardhi kule Malindi ikaitupa. Miaka yote hiyo, kwa sababu hakuna aliyekuja mapema akakaa chini na mvuvi akamuuliza upepo watoka wapi.

Sasa nije kwenye gereza maana hapa ndipo fikira zangu zilipogeuka.

Wale mliokuja Amu mwaijua Ngome, ile ngome kubwa pale Mkunguni, mbele wazee wamekaa chini ya miti wanacheza bao, ubavuni soko la mboga na samaki. Leo ni makumbusho, kuna maktaba ndani, harusi zafanywa mle. Lakini kuanzia 1910 mpaka 1984 ile ngome ilikuwa gereza. Miaka 74 gereza la serikali lilikuwa katikati ya mji, ukitoka msikitini walipita, ukienda kununua nazi walipita, na sijapata kusikia mzee hata mmoja akisema tuliishi na hofu. Bibi yangu Mungu amrehemu nyumba yao ilikuwa karibu, alikuwa akisema usiku ukitulia wafungwa wasikika wakikohoa, na kuna jirani yao mmoja aliyefungwa miezi michache, basi bibi akiwa kisichana alikuwa akitumwa kumpelekea mkate wa mofa umefungwa kwa kitambaa, bado wa moto, askari mlangoni aukata vipande viwili atazama ndani kisha apitisha. Mfungwa akiugua, habari yafika sokoni kabla ya dawa kumfika. Mji wote ulikuwa ukijua nani yuko ndani, kwa kosa gani, atoka lini.

Sisemi maisha ya mle yalikuwa mazuri, jela ni jela. Nasema yalikuwa yaonekana.

Leo gereza liko Hindi. Ukiwa na mtu wako huko ni boti, kisha boda au matatu, na siku ukichelewa boti umepoteza siku nzima na pesa. Na ona vile Hindi inavyobebeshwa, gereza huko, kiwanda cha makaa kilitakiwa huko, bandari mpya Kililana iko upande huo huo, sasa na tanuri. Kuhusu bandari, mwaka 2018 mahakama kuu Malindi iliamuru wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu uchimbaji wa bahari uliwaharibia kazi, na bandari yenyewe ikafunguliwa 2021 huku watu bado wadai. Kwa hivyo mtu wa Hindi akiambiwa "mradi" roho yake yaruka, na yuko na haki.

Kabla yetu Mwingereza naye alikuwa na mbali yake. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliposimamisha Wagiriama wakakataa amri za Mzungu, walimchukua yeye na Wanje wa Mwadorikola wakawapeleka Kisii, upande wa pili wa nchi kabisa, ambapo hawajui lugha wala njia. Akatoroka akarudi kwao. Halafu hali ya hatari ilipotangazwa 1952, huku kwetu tukawa sisi ndio mbali ya watu wengine. Kisiwa cha Manda, kile kile ambapo watalii washuka ndege leo, kiliwekwa kambi za watu waliodaiwa kuwa Mau Mau, watu wametolewa Murang'a na Nyeri na Nairobi wakaletwa kwenye kisiwa cha chumvi. Achieng Oneko alifungwa hapo, mwandishi Gakaara wa Wanjaũ pia. Mtu wa bara, mtu wa milimani, amezoea mto wa maji baridi, waja kumtia Manda ambapo maji matamu ni shida mpaka leo na kila upande atazamapo ni mikoko na bahari. Aliyechagua pale alijua alichokuwa akitafuta.

Mi Takwa, yale magofu ya mji wa kale hapo hapo Manda, nimekwenda mara nyingi, tangu darasa la tano, maji yakijaa boti yaingia kwenye kile kijito katikati ya mikoko mpaka karibu na magofu, twatoka na chupa za juisi, twaonyeshwa msikiti na lile kaburi la nguzo. Kambi hatukuambiwa kitu. Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima, na nikamuuliza ami mbona hamkutusimulia, akanijibu, "Sisi wenyewe tulikuwa twaambiwa tusikaribie. Twapita na dau kwa mbali, twaona watu weupe kwa vumbi la mawe, hatujui ni kina nani." Hebu fikirieni, kutoka Amu mpaka Manda ni dakika chache za boti, na watu hawajui ni kina nani.

Halafu kuna Hola, jirani zetu hapo Tana River. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa na askari kwa sababu walikataa kufanya kazi ya shokoa, na taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Uongo kama huo ungewezekana kama Hola ingekuwa sokoni? Kama kina mama walikuwa wakipita na vikapu mlangoni, kama kuna msichana na mkate wake wa mofa? Ule uongo ulitegemea umbali, ulitegemea kwamba hakuna mwenye macho pale ila wenye rungu. Wakati ukweli ulipotoka bunge la Uingereza likatikisika na kambi zikaanza kufungwa, kumbe kilichokuwa kikizilinda siku zote ni kutokuonekana.

Ndio maana nikisoma habari za Guantanamo sioni kitu kigeni. Marekani walifungua jela ile Januari 2002 kwenye kambi yao ya jeshi iliyoko Cuba, ardhi waliyoikodi tangu 1903, na wanasheria wa serikali walikuwa wameshaandika Desemba 2001 kwamba pale huenda mahakama za Marekani zisiweze kufika. Yaani pahali pamechaguliwa kwa kuangalia sheria isifike. Watu kama 780 wamepita mle. Mmoja ni Mkenya aliyekamatwa hapa Mombasa mwaka 2007, akakaa huko karibu miaka 18, hakufunguliwa mashtaka hata siku moja, akarudishwa nyumbani Desemba 2024. Na mwaka huo huo wa 2007, Januari na Februari, watu waliokuwa wakikimbia vita Somalia, wengine na watoto wao, walikamatwa mpakani, wengine huku kwetu Kiunga, wakapakiwa ndege usiku wakapelekwa Somalia na baadaye Ethiopia. Mnajua Kiunga ilivyo mbali. Ilifaa.

Obama alipoingia Januari 2009 alisema ataifunga Guantanamo ndani ya mwaka mmoja. Wakatafuta pahali, wakapata gereza la Thomson jimbo la Illinois, limejengwa likamalizika 2001 na karibu lote lilikuwa tupu, kijiji chenyewe ni watu mia chache tu, na kiongozi wa kijiji akasema leteni, watu wetu wapate kazi. Waliopiga kelele ni wanasiasa, wengi wao wakaazi wa mbali na Thomson, wakasema waleta magaidi uani kwetu, na bunge lao likakataza pesa za kuwahamisha. Hata hivyo mmoja alihamishwa. Ahmed Ghailani, Mzanzibari, aliyeshtakiwa kwa mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998 yaliyoua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, alitolewa Guantanamo 2009 akapelekwa New York, mji wa mamilioni ya watu, akasimamishwa mahakamani mbele ya wazee wa baraza, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi, wakamtoa kwenye mashtaka zaidi ya 280 na wakamtia hatiani kwa moja, akapewa kifungo cha maisha Januari 2011. New York ikaendelea na shughuli zake. Sisi tuliozika watu wetu mwaka 1998 tulipata angalau kujua kesi imesikilizwa na hukumu imesomwa, na wale waliobaki kisiwani mpaka leo wangali huko, 15 tangu Januari 2025, na wengine hawajapata kushtakiwa.

Kwa hivyo mi kuhusu watu naamini hivi, na nalisema wazi hata kama kuna atakayenichukia: mfungwa, hata awe wa kosa gani, awekwe karibu. Karibu na mahakama, karibu na wakili, karibu na mamake wa kumletea chakula, karibu na soko. Mtu aliye nyuma ya ukuta hasafiri. Kinachomzuia ni ukuta na sheria, umbali haumzuii yeye, watuzuia sisi kumuona.

Moshi ni kitu kingine. Moshi wasafiri, sumu yaingia kwenye kisima, na hapo siwezi kusema wekeni sokoni. Tumeona Owino Uhuru kule Mikindani Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu wapate risasi, ile madini yenye sumu, kiliwekwa ukuta kwa ukuta na vibanda vya watu, watoto wakapatikana na risasi kwenye damu, kina mama wakatoka barabarani, kesi ikaenda ikarudi, 2020 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikafutwa kwenye rufaa, mpaka Desemba 2024 mahakama ya juu ikairudisha. Pale hapakuwa mbali na watu, palikuwa katikati ya watu kabisa, ila ni watu ambao aliyetoa kibali hakai nao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na naona huo ndio ugonjwa wenyewe, iwe Kwasasi iwe Mikindani, anayechagua halali hapo.

Na nisijifanye mtakatifu. Wakati wa ule mpango wa kujenga kinu cha umeme wa nyuklia Uyombo, huko Matsangoni kwa ndugu zetu wa Kilifi, kando ya Mida na msitu wa Arabuko Sokoke, mi nilikuwa nao, nilisambaza kila video, 2024 walipokabiliana na polisi nililia. Baadaye maneno yakahamia Siaya, ufukweni mwa Ziwa Victoria, na kwenye grupu letu watu wakaandika alhamdulillah, na mimi pia nikaandika. Usiku nikaiona ile alhamdulillah yangu nikaona haya. Kwani kule Siaya hakuna mvuvi? Hakuna mwenye ami yake aliyelala pale peupe kwenye ramani? Wakiridhia wenyewe baada ya kuelezwa kila kitu, hiyo ni yao, lakini mi kushangilia kwamba kimetoka kwangu kimekwenda kwao, hilo ndilo lile lile nililolilaumu kwa wale wanasiasa wa Marekani.

Yawezekana watu wakaridhia kweli, tena kitu kizito. Ufini wamechimba shimo ndani ya mwamba, zaidi ya mita 400 chini, la kuzikia taka za nyuklia ambazo hatari yake ni ya maelfu ya miaka. Liko Eurajoki, na sheria yao ilimpa baraza la mji huo haki ya kusema la, na likisema la basi ndio mwisho, hata bunge haliwezi kuwashurutisha. Mwaka 2000 madiwani wakapiga kura, 20 wakakubali 7 wakakataa. Watu hao wameishi na vinu vya nyuklia tangu miaka ya sabini, wavijua, na walikuwa na ufunguo mkononi mwao. Marekani nao wakataka kufanya hivyo hivyo Nevada, lakini mwaka 1987 bunge likaamua tu ni Yucca Mountain hakuna pahali pengine patakapochunguzwa, watu wa Nevada wakapigana miaka na miaka na mpaka leo hakuna taka iliyozikwa pale. Mwenye haki ya kukataa ndiye anayeweza kukubali. Huku kwetu katiba ya 2010 yasema wananchi washirikishwe, ni kifungu cha 10, na ni neno zuri, lakini kushirikishwa kwenyewe kumekuwa ni kuitwa, kukaa, kusikiliza, na kutia sahihi.

Narudi kwenye karatasi ya mahudhurio. Siku ile ya mitingi, kabla hatujatoka, ilipitishwa karatasi, jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi, ukimaliza wapewa soda na mia tano ya nauli. Watu walikuwa na njaa, jua limekuwa kali, kila mtu akatia. Mi nilisoma kichwa cha ile karatasi, kimeandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake kuna neno lenye maana kwamba waliotia sahihi wameukubali mradi. Nikamuuliza yule kijana, akasema hiyo ni fomu tu ya kawaida dada, usijali. Ami alikuwa ashatia dole gumba. Wino wa bluu ulimkaa kidoleni mpaka Mokowe, alikuwa akiusugua kwenye kanzu akiniuliza, "Kwani nimesema nini mimi?"

Mi sipingi tanuri. Taka za hospitali zipo na lazima zichomwe pahali, na zikichomwa vibaya zatuumiza sote. Nataka tu waje na ripoti kwanza, kwa Kiswahili, watuambie moshi wake una nini na joto lake ni kiasi gani na kaskazi waenda wapi na kusi waenda wapi, na watuambie nani ataruhusiwa kuingia siku yoyote kutazama, na tukisema la watafanya nini. Nimeandika barua, majirani kumi na wanne wametia sahihi, nayo iko kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, na nimewasomea kwa sauti kabla ya mtu yeyote kushika kalamu.

Wamesema watarudi Alhamisi baada ya alasiri, darasa lile lile. Ami ashatoa hati yake ya shamba kwenye sanduku, na ameniomba nimchapishie picha ya nyumba, ile ya juzi ambayo kuku wamelala mlangoni, kubwa, ya kuonekana mpaka nyuma.